Riwaya au ekari ya viazi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Uyole hapa Mbeya. Kazi yangu ni ukarani wa mzigo. Viazi vikishuka kutoka Kikondo na Isyonje, mimi ndiye nahesabu magunia yanapopakiwa kwenye Fuso. Naandika jina la mkulima, idadi na jina la mnunuzi wa Dar, halafu nalipwa kwa gunia. Siku ya mzigo mkubwa narudi na hela ya maana, siku ya mvua narudi na matope tu.

Niliishia kidato cha nne. Ila kusoma nilikupenda tangu shule ya msingi, hata gazeti lililofungiwa maandazi nilikuwa nalikunjua nalisoma. Mwaka juzi nikaanza kuandika riwaya. Naandika usiku watoto wakishalala, kwa kalamu, kwenye kauntabuku. Mbili zimejaa, ya tatu nimefika katikati. Ni kisa cha msichana anaitwa Tumaini, baba yake analima viazi na ana deni la mbolea kwa dalali. Dalali anamtaka Tumaini ili deni life. Tumaini anatoroka, anakwenda Dar, anakutana na bwana mmoja tajiri, na mengine yanafuata. Mwisho wake bado sijauamua.

Mume wangu ni dereva wa Fuso, karibu wiki nzima yuko barabarani. Akirudi ananikuta nimeinamia daftari. Mwanzoni alicheka. Siku hizi anauliza, "Hiyo barua ndefu unamwandikia nani?" Nilimpa asome, akasema ana usingizi. Mama mkwe naye tunakaa naye, kila akiona taa inawaka anasema luku ya nyumba hii inaisha kwa hadithi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa jamaa mmoja mwenye shughuli za uchapaji hapa mjini. Hakusoma hata ukurasa mmoja. Alizishika zile kauntabuku kama anazipima uzito, akasema nakala 300 ni shilingi 2,100,000, nusu natanguliza. Akaongeza kwamba kitabu kikitoka nitajulikana na shule zitanunua. Hela hiyo ninayo, tumegawana kikoba juzi. Lakini dada yangu analima Kikondo, na ameniambia kuna ekari moja jirani yake inakodishwa. Anasema nikodi, ninunue mbegu na mbolea, tupande pamoja msimu huu. Siku za kupanda ndiyo hizo zinakaribia.

Shangazi, kuandika riwaya kunalipa kweli? Wenzangu kazini wanasema Watanzania hawasomi vitabu. Nimechoka kuulizwa nitapata nini, na nikijiuliza mwenyewe jibu sina. Nikiendelea naonekana nacheza. Nikiacha siku mbili tatu kichwa kinauma na watoto nawagombeza bure. Nimekutumia picha za kurasa chache uzione mwenyewe.

Karani wa Viazi, Uyole

—

Marahaba, mwanangu. Pole na matope.

Hela ya kikoba ipeleke shambani. Nimelitanguliza hilo ili usisome barua nzima ukilitafuta. Na riwaya usiiache. Huyo jamaa wa uchapaji amekufungia mambo mawili fundo moja, na wewe umelibeba hivyo hivyo mpaka kitandani: riwaya au viazi. Kuandika hakujawahi kukudai milioni mbili. Kumekudai kauntabuku, wino, umeme kidogo na usingizi wako. Kinachodai milioni mbili ni kuchapa vitabu, na hiyo ni biashara nyingine kabisa, yenye watu wake na hasara zake.

Tuipige hesabu, wewe ni karani, nikikosea utaniona. Milioni mbili na laki moja kwa nakala 300 ni shilingi 7,000 kila nakala. Tuseme unauza 12,000, bei ambayo msomaji wa Mwanjelwa atakishika kitabu, akirudishe, aondoke, halafu labda arudi. Duka la vitabu halitakupa hela mkononi kwa kitabu cha mtu lisiyemjua. Litachukua kwa mali kauli, likiuza linabaki na sehemu yake. Likibaki na theluthi, wewe unapata 8,000. Toa 7,000 za mchapaji, imebaki elfu moja. Nauli ya boksi kwenda Iringa na Njombe sijaitia humo, wala nakala za bure za mchungaji, mwalimu mkuu na mashemeji, ambao hawatoi hata mia na ndio wa kwanza kusema mwisho haukuwapendeza.

Sasa mchukulie mchapishaji wa kweli, yule anayesoma mswada wako, akiupenda anaugharamia yeye. Huyo atakulipa mrabaha, na asilimia 10 ni kiwango cha kawaida. Kitabu kikiuzwa 10,000, unapata elfu moja. Ni elfu ile ile! Ila kwa huyu wa pili, vitabu vikikaa vinakaa kwenye stoo yake.

Utaniambia, Shangazi, mimi nitauza mkono kwa mkono, faida ni 5,000 kila nakala. Sawa, lakini ili mtaji wako tu urudi lazima uuze nakala 175. Kaa chini uandike majina ya watu unaowajua ambao mwaka huu wametoa hela yao kununua kitabu kisicho cha shule wala cha dini. Wanaokupenda usiwahesabu. Majina yakifika 175, njoo tuzungumze upya.

Na hilo la "shule zitanunua" limeniudhi. Riwaya haisomwi darasani kwa sababu imechapwa. Inahitaji ithibati, iteuliwe, iingie kwenye orodha. Ikishaingia, ndiyo, inauzwa miaka na miaka, na wachapishaji wote nchini wanaigombea nafasi hiyo. Mtu wa uchapaji analijua hilo kuliko mimi na wewe, na bado amekwambia vile huku akitaka nusu mbele.

Wanaosema Watanzania hawasomi waache waseme, wamerithi msemo. Mimi nimeuza vitabu vya mtumba Miyomboni pale Iringa miaka mingi, na kulikuwa na riwaya za kipelelezi zilizokuwa zinaazimwa mpaka jalada linabaki uzi mmoja. Zilirudi zina mafuta ya chipsi. Moja ilirudi bila ukurasa wa mwisho, na mteja aliyefuata akataka nimsimulie palepale dukani ndipo alipe. Leo watu hao hao, au watoto wao, wako kwenye magrupu ya WhatsApp wakisoma hadithi za vipande. Sehemu za mwanzo bure, halafu mwandishi anaandika "kuendelea tuma buku", na watu wanatuma. Kusoma wanasoma. Kutoa elfu 12 kwa mkupuo kwa jina wasilolijua, hapo ndipo wanapogoma, na mimi siwalaumu.

Nije kwenye kurasa zako, maana ndizo zilizonifanya nikuandikie kirefu hivi.

Ukurasa wa lumbesa nimeusoma mara tatu. Kijana wa dalali anapanga viazi vikubwa kuzunguka mdomo wa gunia mpaka vinasimama, anafunga kilemba kwa kamba, anakandamiza kwa goti, anamwaga ndoo nyingine. Mama yake Tumaini amesimama pembeni, haongei. Kila ndoo ikimwagwa anahamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia wa gauni kwenda wa kushoto. Kokoto zinafika tisa. Kwenye daftari la dalali inaandikwa: gunia moja. Mwanangu, kila mtu Nyanda za Juu Kusini anaijua lumbesa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanakamata, viongozi wanafoka, na malori yanapita. Lakini zile kokoto sijaziona popote. Hukueleza hata kwamba mama ana hasira. Hapo umeandika.

Halafu nikafika Dar. Zulia jekundu, manukato ya gharama, ufunguo wa gari umewekwa mezani taratibu, bwana anacheka kwa kiburi. Hoteli hiyo hujalala, na inaonekana. Umeiazima kwenye tamthilia za jioni, na aliyeiandika kabla yako naye aliiazima. Tumaini mwenyewe, aliyekuwa na ulimi mkali kule shambani, akifika hapo anageuka bubu na kulialia. Kata sehemu yote hiyo. Najua ni kauntabuku karibu nzima na imekugharimu usiku mwingi. Kata. Msichana aliyetoroka na nauli ya kuungaunga anaweza kuishia Makambako, ashuke kwenye njia panda ya Njombe saa nane ya usiku, mabasi yanapumzika, akina mama wanauza chai. Mambo ya pale unayajua, na usipoyajua nauli yake unaimudu. Dalali naye ana magari yanayopita Makambako kila siku. Unaona hofu inavyoongezeka bila hoteli?

Sura ya kwanza nayo umeifunga kilemba: ukoo mzima, kifo cha babu, baridi ya mwezi wa saba, deni, mchumba wa zamani. Punguza ndoo tatu humo.

Sasa swali lako lenyewe, kunalipa? Kwa hela, kwa wengi, hapana. Shaaban Robert tunayemwita gwiji alikuwa karani kama wewe, ameajiriwa serikali ya kikoloni, mshahara ndio ulimlisha wakati anaandika. Kama unaandika ili uache ukarani, basi acha riwaya leo ulale mapema. Ila hukuniandikia hivyo. Umeniandikia kwamba usipoandika unagombeza watoto. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kuwathibitishia wenzake wa kazini kwamba kuna faida. Wao Jumapili wanakwenda kuangalia mpira na hakuna anayewauliza mpira umewaingizia shilingi ngapi.

Watakaotaka kukutia moyo watakutajia mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake mwaka 1945, kwa Kikerewe, kisa cha mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Hakupata wa kuichapisha kwa lugha hiyo. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na yeye akafariki 1981 kabla hajaishika nakala mkononi. Baadaye imefasiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Mimi kisa hicho hakinitii moyo hata kidogo, kinanikera, miaka 35 ni mingi mno kwa mtu kungoja. Nakutajia kwa jambo moja tu: kazi ilikuwa imekamilika. Kwa kuwa ilikamilika, ilipopatikana njia ilikuwa na cha kupitisha. Wewe una kauntabuku mbili na nusu na mwisho hujauamua. Hapo hakuna mchapishaji, tuzo wala mchapaji tapeli wa kukusaidia au kukudhuru. Unahangaikia duka wakati viazi bado viko ardhini.

Kwa hiyo maliza. Ukimaliza, ingiza kwenye simu kidogo kidogo, hata ukurasa kwa siku, maana hakuna mchapishaji atakayepokea kauntabuku. Kabla ya hapo piga picha kila ukurasa uzihifadhi, nyumba za Uyole nazijua na mvua zenu nazijua. Nakala yako ya pekee usimwachie mtu yeyote, awe wa uchapaji awe mchungaji. Hakimiliki ni yako tangu unapoandika. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanaisajili, na inasaidia siku ya ugomvi. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa hiyo atakayekutajia bei ya kutisha kwa ajili ya namba hiyo, mwache, nenda Maktaba ya Mkoa hapo hapo Mbeya ukaulize.

Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa kwake Mwalimu. Riwaya ina kundi lake, mshindi wa kwanza amekuwa akipata shilingi milioni 10, na kitabu chake kinachapishwa kipelekwe shuleni. Ipo pia Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Sikuambii utashinda. Nakuambia kupeleka mswada hakukuli mtaji. Ila soma masharti kabla hujachapa hata nakala kumi, maana kitabu kilichokwisha kutoka kinaweza kukufungia mlango. Na kama unataka kujua watu wakoje, toa sura nne za kwanza kwenye WhatsApp bila malipo, kwa watu wasiokujua. Angalia wanaulizia sehemu ya tano au wananyamaza. Ukimya wao utakuuma, na utakufundisha zaidi ya sifa za wifi.

Nyumbani sasa. Mama mkwe ana haki juu ya luku. Toa kwenye hela yako ya magunia, nunua uniti zako kila mwezi mbele ya macho yake, au nunua taa ya kuchaji. Neno hilo litaisha.

Mume wako hana tatizo na riwaya. Mtu anakaa barabarani siku tano, anarudi, anakuta mgongo wa mke wake. Akiwepo, funga daftari. Usiku wa kuandika unao wa kutosha akiwa Dar. Wala usimpe tena kauntabuku asome, dereva aliyetoka Dar kwenda Mbeya bila kulala hasomi mwandiko wa mtu saa nne usiku, hata ungekuwa wa malaika.

Mpe kazi. Kwenye zile kurasa kuna Fuso imejaa viazi inateremka Mlima Nyoka, breki zinakataa, na dereva wako "anakanyaga breki kwa nguvu zake zote huku akimwomba Mungu". Mimi siendeshi hata baiskeli, lakini hapo nimeona huamini unachokiandika. Muulize mtu aliyeshuka pale mara nyingi. Anaingiza gia namba ngapi kabla ya mteremko? Breki zikianza kuungua harufu inaingia vipi ndani? Utingo anafanya nini, anaruka au anakaa? Anaangalia kushoto au kulia akitafuta pa kuchomekea gari? Atakwambia ulivyoandika ni upuuzi mtupu na ataongea mpaka chakula kipoe. Uwe na kalamu karibu.